Mkoba wa Shule na Mkoba wa Shuleni: Uhusiano wa Nomino katika Virai vya Kiingereza na vya Kiswahili

1. Utangulizi

Vifaa vya shule ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mtoto wa Kenya hufundishwa kuvitaja kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kitabu, kalamu, daftari, rula, mkoba, dawati, ubao na chaki hutokea katika masomo ya mwanzo ya lugha zote mbili, na aghalabu hudhaniwa kwamba mwanafunzi akishayajua majina hayo kazi imekwisha. Ugumu huanza pale majina mawili yanapowekwa pamoja. Tutazame virai vifuatavyo:

(1) a school bag
(2) the school's bag
(3) a bag for school
(4) a bag for the school
(5) a bag at school

Msemaji wa Kiingereza hawezi kukitumia kimoja badala ya kingine bila kubadili maana. Hata hivyo, virai hivi vitano huwafikia wanafunzi wengi kwa tafsiri moja tu: "mkoba wa shule". Kutokana na hali hiyo hutolewa hitimisho moja kati ya mawili. Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina uangalifu wa maana, kwa kuwa -a yake moja imebebeshwa mzigo ambao Kiingereza kimeugawa kwa viungo vingi. Wako pia wasemao kwamba tofauti hizo za Kiingereza ni mapambo tu, na kwamba muktadha hutosha kueleza kila kitu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba rai zote mbili zina kasoro moja: zinatafuta tofauti ya maana mahali pale pale ilipo katika Kiingereza. Kila lugha ina mahali pake pa kubainisha. Kiingereza hubainisha uhusiano wa nomino mbili kwa mpangilio wa maneno, kwa vihusishi na kwa kibainishi "the". Kiswahili huubainisha kwa upatanisho wa ngeli, kwa kauli ya kutendea, na kwa kiambishi cha mahali -ni. Yako mambo ambayo Kiingereza huyatenga na Kiswahili huyachanganya, na yako ambayo Kiswahili huyatenga na Kiingereza huyachanganya.

Jambo hili si dogo. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi za Kenya, na kimeendelea kuwa la lazima katika mtaala ulioufuata. Maana yake ni kwamba kila mtoto nchini hupita kila siku baina ya sarufi mbili, na aghalabu bila mtu wa kumwonyesha njia. Robert Lado alipotoa kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya kulinganisha lugha, alidai kwamba mwalimu aliyelinganisha lugha ya wanafunzi wake na lugha anayowafundisha ataelewa vyema zaidi ugumu wao uko wapi. Naye Pit Corder, mwaka 1967, alitufundisha kuyatazama makosa ya mwanafunzi kama ushahidi wa sarufi anayoijenga akilini mwake. Virai vya vifaa vya shule ni uwanja mzuri wa kuyajaribu mawazo hayo, kwa sababu vitu vyenyewe vinajulikana na wote. Panapotokea kosa, basi limetokana na lugha.

2. Njia za Kiingereza

Kirai (1) kimejengwa kwa kuweka nomino mbili bega kwa bega. Ya pili, "bag", ndiyo kiini. Ya kwanza hutaja aina yake. Ujenzi huu haumtaji mwenye mali. Mfuko ulionunuliwa na mzazi, ukatundikwa nyumbani wakati wa likizo, bado ni "school bag", kwa kuwa jina hilo hueleza umeundwa kwa kazi gani.

Kirai (2) kina alama ya ritifaa na -s, na hapa shule imekuwa mwenye mali. Ni mfuko ulioandikwa katika orodha ya mali ya shule, hata kama kazi yake ni kubebea mipira. Tofauti ya (1) na (2) ni tofauti ya aina na umiliki, na katika Kiingereza hutegemea konsonanti moja tu mwishoni mwa neno.

Virai (3) na (4) vinatofautiana kwa "the" peke yake. Katika (3), "school" bila kibainishi haitaji jengo wala taasisi. Inataja shughuli ya kusoma. Katika (4), "the school" ni taasisi maalum, na mfuko huo yamkini ni zawadi au ununuzi kwa ajili yake. Tofauti hii hii ndiyo inayojitokeza baina ya "at school" na "at the school". Mtoto aliyeko darasani yuko "at school". Mama yake aliyekwenda kulipa karo yuko "at the school". Katika Kiingereza cha Marekani husemwa pia "in school" pale ambapo Mwingereza angesema "at school", lakini kanuni ya kuwepo au kutokuwepo kwa "the" ni ile ile.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kiingereza ni wazi katika kila kirai. Nomino zinapowekwa bega kwa bega, uhusiano wake haukutajwa kabisa, msikilizaji huukisia. Judith Levi, katika uchunguzi wake wa mwaka 1978, alipendekeza kwamba virai vya namna hii vinaficha mahusiano 9: kusababisha, kuwa na, kufanyiza, kutumia, kuwa, kuwamo mahali, kuwa kwa ajili ya, kutoka, na kuhusu. Chukua nomino "ink" peke yake. "Ink bottle" ni chupa ya kutilia wino, "ink pen" ni kalamu itumiayo wino, na "ink stain" ni doa lililofanywa na wino. Hakuna alama yoyote inayotenga mahusiano haya matatu. Ni ujuzi wa chupa, kalamu na madoa ndio unaomwongoza msikilizaji.

3. -a ya uhusiano

Katika Kiswahili, kiungo cha nomino mbili ni -a, ambayo E. O. Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944 aliiita -a ya uhusiano. Jina hilo lilichaguliwa kwa busara. Hakuiita -a ya umiliki, kwa kuwa umiliki ni sehemu moja tu ya kazi yake. Kirai "kitabu cha mwalimu" kinaweza kumaanisha kitabu ambacho mwalimu anacho, kitabu alichokiandika, kitabu kinachomhusu, au kitabu kilichotungwa ili kimwongoze kazini. Waandishi wa vitabu vya shule wameuhisi utata huu, ndiyo maana vitabu vingi vya kiada nchini huitwa "Kitabu cha Mwanafunzi" lakini mwenzake huitwa "Mwongozo wa Mwalimu". Neno "mwongozo" limeondoa maana tatu kati ya nne.

Yafaa kukumbuka hapa kwamba majina mengi ya vifaa vya shule yamekopwa. "Kalamu" na "daftari" yametufikia kwa njia ya Kiarabu. "Dawati" pia, ambalo katika Kiarabu lilikuwa chombo cha kutilia wino kabla ya kuwa meza ya mwanafunzi wa leo. "Shule" limetoka katika Kijerumani, ilhali Unguja hutumia "skuli" kutoka katika Kiingereza. "Penseli", "rula" na "chaki" ni ya Kiingereza. Lakini kiungo kinachoyaunganisha majina hayo yote ni cha Kibantu, nacho hupatikana katika lugha nyingi za jamaa ya Kiswahili. Lugha imekopa vitu na majina yake. Haikukopa namna ya kuvihusisha. Kwa hiyo neno "penseli" linapoingia katika "kisanduku cha penseli", huingia chini ya sheria za -a, si chini ya sheria za "pencil box".

4. Chombo na kilichomo

Mfano huo wa kisanduku unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hapa Kiingereza kimetenga jambo ambalo Kiswahili hulichanganya.

(6) a pencil box
(7) a box of pencils

Kirai (6) ni chombo. Kinaweza kuwa kitupu, kinaweza kuwa na rula na vifutio, na bado kikaitwa hivyo. Kirai (7) ni penseli zenyewe zikiwa zimepimwa kwa chombo. Kikiwa kitupu, jina hilo halikifai tena. Mwenye duka akiombwa (7) akatoa (6), mnunuzi atakuwa amenunua bati bila penseli.

"Kisanduku cha penseli" chaweza kuwa chochote kati ya hivyo viwili, kama vile "kikombe cha chai" kinavyoweza kuwa chombo au kinywaji. Katika sentensi kamili tatizo hili halionekani sana, kwa kuwa kitenzi huchagua maana. Tukisema "Mwalimu alivunja chupa ya wino," tunajua kwamba ni chombo kilichovunjika; tukisema "Mwalimu alimaliza chupa ya wino," tunajua kwamba ni wino uliokwisha. Kitenzi kimefanya kazi ambayo katika Kiingereza imekwisha kufanywa na mpangilio wa nomino.

Lakini si kila maandishi yana vitenzi. Orodha ya mahitaji anayopelekewa mzazi mwanzoni mwa muhula, daftari la ghala la shule, na hati ya kuagizia bidhaa ni maandishi ya nomino tupu. Humo "makasha 10 ya chaki" hayana kitenzi cha kuyatetea. Mwandishi wa orodha kama hiyo hapaswi kuomba msaada wa muktadha ambao haupo. Kiswahili kina njia mbili za kumtosheleza. Ya kwanza ni kuingiza kitenzi ndani ya kirai:

(8) kisanduku cha kutilia penseli
(9) makasha ya kuwekea chaki

Ya pili ni kutumia -enye, au kitenzi chenye kirejeshi, ili kutaja kilichomo:

(10) kisanduku chenye penseli
(11) makasha yaliyojaa chaki

Virai (8) na (9) ni vyombo tu. (10) na (11) vina vitu ndani. Tofauti ya Kiingereza imehifadhiwa kikamilifu. Haikuhifadhiwa kwa -a, na ndiyo sababu yule anayeitafuta katika -a haioni.

5. Kitu cha kusoma na kitu cha kusomea

Virai (8) na (9) vimetumia kauli ya kutendea, na hapa ndipo mizani inapoelemea upande wa Kiswahili. Linganisha:

(12) a reading book
(13) a reading room
(14) reading glasses

Kiingereza kimetumia umbo moja, "reading", katika virai vyote vitatu. Hakisemi kwamba kitabu husomwa, ilhali chumba na miwani havisomwi. Kiswahili hakina ruhusa ya kunyamaza hivyo:

(15) kitabu cha kusoma
(16) chumba cha kusomea
(17) miwani ya kusomea

Katika (15) nomino kiini ni kitendwa cha kitenzi. Kitabu ndicho kisomwacho. Katika (16) ni mahali, na katika (17) ni ala. Kiambishi cha kutendea humlazimisha msemaji aseme kama kitu kinapokea kitendo au kinakisaidia. Mwanafunzi asemaye "chumba cha kusoma" kwa kuiga "reading room" hakukosa msamiati. Amekosa kuona kwamba umbo moja la Kiingereza linagawanyika mara mbili katika Kiswahili. Kwa sababu hiyo hiyo "kitabu cha kusomea" kinakubalika, lakini kwa maana nyingine: ni kitabu ambacho mtu hujifunzia kwacho, kama kitabu cha kiada. Mtu aweza kuwa na kitabu cha kusoma safarini, na kitabu cha kusomea mtihani.

Hata hivyo, kauli hiyo hiyo ina mpaka wake. Kiingereza hutenga "something to write with", "something to write on" na "something to write about". Kiswahili hutenga ya tatu na mbili za kwanza, kwa kuwa "jambo la kuandika" halina kauli ya kutendea. Lakini "kitu cha kuandikia" chaweza kuwa kalamu na chaweza kuwa karatasi. Mwanafunzi aliyeambiwa na msimamizi wa mtihani aje na kitu cha kuandikia anaweza kuja na kimoja akasahau cha pili, na asiwe amevunja agizo. Dawa yake ni nyepesi: jina "kitu" liondolewe, na kalamu au karatasi itajwe. Katika Kiingereza, kihusishi kilicho mwishoni kinabeba maana. Katika Kiswahili, nomino iliyo mwanzoni ndiyo inayoibeba.

Kauli ya kutendea imejificha pia ndani ya majina ya vifaa. "Kifutio" kimetokana na futia, na "kichongeo" na chongea. Ni majina ya neno moja yanayobeba uhusiano wote: kitu cha kufutia, kitu cha kuchongea. Kiingereza cha Uingereza huita kifutio "rubber", kwa kutaja mada iliyokifanya; cha Marekani hukiita "eraser", kwa kutaja kitendo. Watoto wetu wana njia zote mbili, kwa kuwa husema "raba" na "kifutio". Lakini kifaa cha kufutia ubao hakiwezi kuitwa raba, kwa sababu hakikufanywa kwa mpira, ilhali "kifutio cha ubao" ni jina sahihi. Jina lililojengwa juu ya kitendo hupanuka kuliko jina lililojengwa juu ya mada.

6. Shule na shuleni

Turudi sasa kwenye virai vya mwanzo. Ikiwa -a haitengi "school bag", "the school's bag" na "a bag at school", je, ni kipi kinachovitenga? Sehemu ya jibu imo katika kiambishi -ni.

(18) vitabu vya shule
(19) vitabu vya shuleni
(20) vitabu vilivyoko shuleni

Kirai (20) kinataja mahali vitabu vilipo kwa wakati huo, na hakidai lolote juu ya aina yake wala mwenyewe. Kirai (19) kinataja mazingira ambamo vitabu hivyo hutumika, aghalabu kwa kuvilinganisha na vya nyumbani. Kirai (18) ndicho chenye utata: ni vitabu vya aina isomwayo shuleni, au ni vitabu ambavyo shule inavimiliki.

Utata huu una uzito wake. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma. Kabla ya hapo, na hata baadaye kwa vitabu vingine, wazazi wengi walikuwa wakinunua vitabu kwa fedha zao. Kwa hiyo nyumba moja huweza kuwa na vitabu vya namna mbili katika mkoba mmoja, na vyote viwili huitwa vitabu vya shule. Tangazo lisemalo "Kila mwanafunzi arudishe vitabu vya shule" linamhusu nani, na linadai nini? Anayelisoma kwa maana ya umiliki atarudisha alivyokopeshwa. Anayelisoma kwa maana ya aina anaweza kupeleka na vile vilivyonunuliwa na mzazi wake. Kiingereza kingeweza kutenga "school books" na "the school's books". Kiswahili chaweza kusema "vitabu ambavyo ni mali ya shule", au "vitabu mlivyokopeshwa na shule". Maneno mawili matatu ya ziada yanatosha kumwepusha mzazi na hasara.

Kuhusu mahali penyewe, Kiswahili kina utajiri ambao Kiingereza hakina. "Vitabu vipo shuleni", "vitabu viko shuleni" na "vitabu vimo shuleni" vyote hufasiriwa kwa "the books are at school", au pengine kwa "in the school". Lakini po hutaja mahali mahsusi, ko hutaja mahali kwa ujumla, na mo hutaja ndani. Kwa upande mwingine, "shuleni" haitengi "at school" na "at the school". Mtoto na mama yake aliyekuja kulipa karo wote wako shuleni. Anayetaka kuwatenga hana budi kutumia kitenzi: mtoto anasoma, mama amezuru. Mwanafunzi wa Kenya anapoandika kwa Kiingereza kwamba mama yake yuko "at school", kosa lake si uzembe. Ameitii sarufi ya "shuleni".

7. Nguvu ya upatanisho

Njia ya mwisho, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni upatanisho wa ngeli. Katika Kiingereza, alama ya umiliki hushikamana na mwenye mali, wala haitaji mali yake ni ipi. Katika Kiswahili, -a hupatana na kitu kinachomilikiwa. Matokeo yake yanaonekana wazi pale nomino tatu zinapokutana:

(21) mfuko wa vitabu wa mwanafunzi
(22) mfuko wa vitabu vya mwanafunzi

Silabi moja, "wa" au "vya", imegawa mali. Katika (21) mwanafunzi anamiliki mfuko, nao ni mfuko wa aina ya kutilia vitabu. Katika (22) mwanafunzi anamiliki vitabu, na mfuko waweza kuwa wa mtu mwingine yeyote. Ili Kiingereza kitenge maana hizi hulazimika kuujenga upya mpangilio wote: "the pupil's book bag" kwa (21), na "the bag for the pupil's books" kwa (22). Zaidi ya hayo, "the pupil's" na "the pupils'" hutofautiana kwa jicho tu. Sikio halisikii mahali ritifaa ilipowekwa. "Mwanafunzi" na "wanafunzi" hutofautiana kwa jicho na kwa sikio.

Hali ni hiyo hiyo kwa vimilikishi. "Mkoba wake wa shule" ni mkoba wa mtoto. "Mkoba wa shule yake" ni mkoba unaohusiana na shule anayosoma. Vivumishi navyo huitii sheria hii. Kiingereza kikisema "the old teacher's book", haijulikani kama uzee ni wa mwalimu au wa kitabu. Kiswahili kitasema "kitabu kikuukuu cha mwalimu" au "kitabu cha mwalimu mzee", na hapana atakayeuliza.

Viambishi vya ngeli hufanya kazi kama hiyo hata ndani ya majina ya watu na lugha zao. "English teacher" katika maandishi ni mwalimu anayefundisha Kiingereza au mwalimu aliyetoka Uingereza. Katika usemi, mkazo ndio unaotenga, kwa kuwa neno la kwanza hukazwa zaidi pale maana inapokuwa ya somo. Kiswahili hakihitaji mkazo huo: "mwalimu wa Kiingereza" na "mwalimu Mwingereza" vimetengwa kwa ki- na mw-. Lakini "kitabu cha Kiingereza" bado chaweza kuwa kitabu kinachofundisha lugha hiyo, au kitabu cha elimu yoyote kilichoandikwa kwayo. Viambishi vimetenga mtu na lugha. Havikutenga lugha kama somo na lugha kama chombo.

Upatanisho nao una mpaka. Nomino mbili za mwanzo zikiwa za ngeli moja na idadi moja, silabi ya upatanisho haiwezi tena kuchagua. "Kifuniko cha kisanduku cha mwanafunzi" hakisemi kama mwanafunzi ana kisanduku au ana kifuniko tu. Hapo Kiswahili hurudi katika hali ile ile ambayo Kiingereza kimo mara kwa mara, na msemaji hulazimika kutumia kitenzi: "kifuniko alicho nacho mwanafunzi".

8. Hitimisho

Katika maelezo haya, hakuna lugha iliyoonekana kuwa na uangalifu wa maana kuliko nyingine. Kiingereza kimetenga chombo na kilichomo, aina na umiliki, shughuli na taasisi. Kiswahili kimetenga kitendwa na ala, ndani na kando, na mali hii na mali ile ndani ya kirai kimoja kirefu. Mahali ambapo lugha moja imenyamaza, nyingine imelazimika kusema.

Kwa mwalimu, funzo lake ni kwamba swali "Je, hii -a ni nini kwa Kiingereza?" halina jibu, na halifai kuulizwa darasani. Swali linalofaa ni: "Vitu hivi viwili vina uhusiano gani?" Njia nyepesi ya kulijibu ni kukitanua kirai kiwe sentensi kabla ya kukifasiri. "Chupa ya wino" kitanuliwe kiwe "chupa hii hutiliwa wino" au "chupa hii ina wino". "Vitabu vya shule" kiwe "vitabu hivi husomwa shuleni" au "vitabu hivi ni mali ya shule". Sentensi ikishapatikana, mwanafunzi huona mwenyewe ni kirai kipi cha Kiingereza kinachoichukua maana hiyo. Zoezi hili halihitaji kitabu kipya wala fedha. Vifaa vyake vyote vimo darasani, juu ya dawati.

Kwa mtunga kamusi, funzo lake ni kwamba kidahizo cha neno moja hakitoshi. Mtumiaji anayefungua "school" na kupata "shule" amepewa nusu ya msaada anaouhitaji. Anahitaji pia kuonyeshwa kwa mifano jinsi nomino hiyo inavyofasiriwa inapotangulia nomino nyingine, inapochukua alama ya umiliki, na inapofuata "at" bila kibainishi. Anayefungua "-a" naye anahitaji kuonyeshwa ni lini kiungo hicho kinatosha, na ni lini hapana budi kukisaidia kwa kauli ya kutendea, kwa -enye, au kwa kirejeshi.

Kwa mtahini, funzo ni zito zaidi, kwa sababu kalamu yake hugusa maisha ya mtoto. Mwanafunzi aliyefasiri "a box of pencils" kwa "kisanduku cha penseli" hakukosea. Ametumia kirai ambacho wazungumzaji wa Kiswahili hukitumia kila siku kwa maana hiyo. Aliyeandika "chumba cha kusoma" amekosea, lakini kosa lake lina sababu inayoelezeka kwa dakika mbili. Mtahini asiyeijua tofauti ya majibu haya mawili atawaadhibu wote sawa, na atakuwa amepima utii wa mtoto kwa sarufi ya Kiingereza katika karatasi ya Kiswahili.